Kusoma Miiba: Utambuzi wa Miti ya Nchi Kame na Ardhi Inayoiotesha

Katika nchi kame za Afrika ya Mashariki, kuanzia tambarare za Turkana na kingo za jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya hadi nyika za Tarangire nchini Tanzania, ni vigumu kuutambua mti kwa majani yake peke yake, kwa sababu majani ya miti mingi hupukutika mara mvua zinapokatika, na kiangazi kikiwa kirefu huweza kupita miezi mingi bila tawi kuota hata jani moja. Maua nayo hayakai, na maganda ya mbegu huliwa na mbuzi, ngamia na wanyamapori karibu mara tu yanapoanguka. Kinachodumu tawini mwaka mzima ni mwiba, na mtu anayejua kuutazama vizuri, hasa pale unapoungana na tawi, anaweza kuutaja mti kwa jina hata wakati umebaki mifupa mitupu.

Kwa lugha ya kila siku kila chenye ncha kinachochoma huitwa mwiba, lakini elimu ya mimea hutenga aina tatu kwa kufuata chimbuko la kila moja. Aina ya kwanza ni tawi lililofupika na kuchongoka, ambalo huchomoza katika kwapa la jani, yaani ile pembe iliyopo kati ya jani na tawi linalolibeba, kama inavyoonekana kwenye mndimu. Aina ya pili hutokana na vijani viwili vidogo ambavyo katika mimea mingi huota ubavuni mwa kikonyo cha jani, na ambavyo katika miti ya nyika vimegeuka kuwa vigumu kama mfupa, kwa hiyo miiba ya namna hii huja jozi, mmoja kushoto na mwingine kulia. Aina ya tatu ni uchomozo wa ngozi ya tawi tu, usio na mishipa ya kupitisha maji ndani yake, kama miiba ya mwaridi. Tofauti hizi si za maabara peke yake, kwani zote huonekana kwa macho kwenye kifundo, yaani mahali tawini ambapo jani huota au liliota zamani na kuacha kovu.

Miti mingi ambayo Waswahili huiita migunga iliwekwa kwa muda mrefu katika jenasi moja, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, lililoitwa Acacia. Mwaka 2005 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna uliamua kwamba jina hilo libaki kwa spishi za Australia, ambazo ni nyingi zaidi, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011, ingawa mti uliokuwa kielelezo cha jina lile tangu awali ulikuwa mgunga wa bonde la Nile. Wapo waliolalamika kwamba Afrika ilinyang'anywa jina lake, na lalamiko hilo halikosi uzito. Hata hivyo, kwa mtu anayetembea nyikani mgawanyo mpya una manufaa, kwa kuwa unafuata mstari ambao mwiba wenyewe uliuchora zamani. Spishi zilizopelekwa katika jenasi ya Vachellia zina miiba ya jozi iliyotokana na vijani vya ubavuni, ambayo kwa kawaida imenyooka na mara nyingi ni myeupe, na maua yao mengi ni vishada vya mviringo mfano wa vitufe vidogo. Zile za jenasi ya Senegalia zina miiba mifupi ya ngozi iliyopinda kama ndoana, na maua yao yamepangika kwenye shuke refu. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mgunga wowote linahusu umbo la mwiba, ikiwa umenyooka au umepinda.

Urefu wa mwiba, ambao ndio humvutia mgeni kuliko yote, hauaminiki sana kama alama ya utambuzi. Majaribio yaliyofanywa nchini Kenya yameonyesha kwamba matawi yanayoliwa mara kwa mara na wanyama huotesha miiba mirefu zaidi kuliko matawi yaliyokingwa wasiyafikie, na kwamba matawi ya juu, ambako hata shingo ya twiga haifiki, huwa na miiba mifupi kuliko ya chini ya mti uleule. Mwiba haumzuii mnyama kula, bali humpunguzia kasi, kwa kuwa humlazimu twiga au mbuzi kuchagua jani mojamoja badala ya kukomba tawi zima kwa mdomo. Mtu anayetaka kupima urefu wa mwiba kwa rula ili ajue spishi huenda akawa anapima njaa ya mbuzi wa kijiji jirani.

Mti unaoweza kuitwa mwenyeji halisi wa ukame wa Afrika ni Vachellia tortilis, ambao Wamaasai huuita oltepesi, Waturkana ewoi na Wasomali qurac. Ni mti wa kilele bapa kilichotanda kama mwavuli, ule unaoonekana kwenye karibu kila picha ya machweo ya Serengeti, lakini umbo hilo peke yake halitoshi kuuthibitisha, kwa kuwa spishi nyingine huliiga na miti michanga ya spishi hii haina mwavuli. Uthibitisho upo kwenye tawi moja dogo, ambapo mtazamaji akilisogeza karibu na jicho ataona vifundo vyenye jozi ya miiba mirefu, myeupe, iliyonyooka, inayoweza kufikia sentimita 8, na sentimita chache mbele yake vifundo vyenye jozi ya miiba mifupi ya kahawia iliyopinda kuelekea nyuma. Mchanganyiko huo wa aina mbili katika tawi moja ni nadra miongoni mwa migunga, na ukiambatana na maganda yaliyojisokota, ambayo ndiyo yaliyoupa mti jina lake la kitaalamu, shaka huondoka.

Mahali mti huu unapoota panaeleza mengi kuhusu maji yasiyoonekana. Katika nchi zenye mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, kama zile zinazouzunguka mji wa Lodwar, miti mikubwa ya ewoi hufuata kingo za mito ya msimu, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu juu ya ardhi na maji chini yake. Mizizi huyafuata maji hayo kwa kina cha ajabu. Mfano uliojulikana duniani kote ni ule wa mti wa Ténéré nchini Niger, mgunga wa spishi hii uliokuwa umesimama peke yake katika Sahara bila mti mwenzake kwa mamia ya kilomita; wachimbaji waliochimba kisima kando yake mwishoni mwa miaka ya 1930 waliikuta mizizi yake ikiwa zaidi ya mita 30 chini ya ardhi. Mwaka 1973 dereva wa lori aliugonga na kuuangusha, jambo ambalo ni gumu kuliamini ukizingatia upana wa jangwa lile, na mabaki yake yakahifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Niamey.

Waturkana hawakuiacha miti ya kingo za mito iwe mali ya kila mpita njia. Katika utaratibu wao unaoitwa ekwar, familia huwa na haki inayotambulika juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo, hasa haki ya kukusanya maganda yanayoanguka kiangazi, ambayo ni chakula chenye protini nyingi kwa mbuzi wakati majani hayapo. Mbuzi nao hulipa kwa namna yao, kwani mbegu za mgunga zina ganda gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, na kupita kwake tumboni mwa mnyama hulilainisha, kisha mbegu huangukia kwenye samadi ya zizi ikiwa na mbolea na unyevu. Watafiti waliochunguza kusini mwa Turkana na kuchapisha matokeo yao katika miaka ya 1990 walikuta miche mingi ya mti huu ndani ya mazizi yaliyohamwa kuliko nje yake, na baadhi ya vichaka vya miti iliyokaribiana umri vinatokana na maboma ya zamani. Ni jambo la kutafakariwa na wale ambao kwa miaka mingi walikuwa wepesi kumtaja mfugaji kama adui wa miti na kuishia hapo.

Upande wa miiba iliyopinda, jina kikwata hutumika kwa miti miwili tofauti, na hapo ndipo hesabu ndogo inapohitajika. Senegalia mellifera, ambao Wamaasai huuita oiti na Wasomali bilcil, una miiba miwili ya ndoana katika kila kifundo, myeusi au ya kahawia iliyoiva, na vijani vinavyounda jani lake ni vichache na vipana kuliko vya migunga mingine, mara nyingi jozi moja au mbili tu katika kila tawi la jani. Senegalia senegal, ambao Wamaasai huuita olderkesi na Wasomali cadaad, una miiba mitatu kwa kila kifundo, miwili ya pembeni ikipinda kwenda juu na wa katikati ukipinda kwenda chini, hivyo nguo iliyoshikwa nao haichomoki kwa kuvutwa upande wowote. Gome lake hubanduka kwa tabaka nyembamba za rangi ya manjano hafifu, na maganda yake ni bapa na membamba kama karatasi. Wa kwanza hupenda uwanda wa mawe na udongo mgumu, ambako hujifunga kuwa vichaka visivyopenyeka, na maua yake meupe yenye harufu nzuri ndiyo yanayowapa nyuki kazi karibu na mvua za kwanza.

Tofauti kati ya miiba miwili na mitatu ina bei sokoni. Mti wenye miiba mitatu ndio chanzo kikuu cha gundi inayojulikana kama gamu arabika, ambayo hutumika kushikamanisha ladha na rangi katika vinywaji, kutengeneza peremende na kufunika vidonge vya dawa. Sudan ndiyo imekuwa mzalishaji mkuu wa gundi hiyo duniani, hasa mkoa wa Kordofan, ambako wakulima huchuna kipande chembamba cha gome baada ya mvua kwisha na majani kuanza kuanguka, kisha husubiri wiki kadhaa hadi mti utoe matone ya gundi na kuyakausha kwenye jeraha. Kenya nayo huvuna kiasi kutoka Turkana, Samburu na Marsabit, kwa sehemu kubwa kwa kuokota matone yanayotoka yenyewe. Gundi ya mti mwingine, Vachellia seyal, huuzwa pia, lakini kwa bei ya chini kwa sababu huvunjika kirahisi na ubora wake ni mdogo, na mwokotaji anayechanganya gundi za miti hiyo miwili katika gunia moja hujishushia bei ya gunia zima.

Huo Vachellia seyal hautafutwi kwenye mchanga. Makazi yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga unaonata wakati wa masika na kupasuka kiangazi, na hutambulika kwa mbali kwa gome lake lenye unga laini wa rangi ya chungwa iliyokolea au kijani kibichi cha manjano. Kwenye udongo huohuo mweusi, katika nyanda za Athi karibu na Nairobi, Laikipia na sehemu za Serengeti, huota mti mfupi wa ajabu zaidi, Vachellia drepanolobium, ambao Wamaasai huuita eluai. Baadhi ya miiba yake huvimba shinani na kuwa vibuyu vyeusi, vitupu ndani, ambavyo sisimizi huvitoboa na kuishi humo, na upepo unapopita kwenye matundu hayo husikika mluzi. Uvimbe wenyewe hauthibitishi spishi, kwa kuwa namna moja ya Vachellia seyal nayo ina miiba iliyovimba, isipokuwa ile huwa myeupe badala ya myeusi.

Sisimizi hao, wengi wao wa jenasi ya Crematogaster, hupewa makao pamoja na utomvu mtamu unaotoka kwenye vikonyo vya majani, nao humtokea kwa mamia mnyama yeyote anayelitikisa tawi, na kuingia hadi ndani ya mkonga wa tembo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, miti iliyozungushiwa uzio huko Laikipia kwa takribani miaka kumi ili wanyama wakubwa wasiifikie ilipunguza vibuyu na utomvu, sisimizi walinzi wakapungua, na wadudu wanaotoboa mashina wakaongezeka. Mti ulioachwa bila kuliwa ulidhoofika. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2024 kutoka hifadhi ya Ol Pejeta ulifuata mkasa wa sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, ambao huwaua sisimizi wa mgunga na hawaulindi mti. Tembo huivunja miti isiyo na walinzi, nyika hufunguka, pundamilia humwona simba mapema, na simba wa maeneo hayo wamegeukia zaidi kuwinda nyati. Mnyororo huo mrefu unaanzia kwenye kibuyu cheusi kisichozidi ukubwa wa limau.

Ipo migunga inayoonekana katika nchi kame bila kuwa ya nchi kame. Mgunga wa gome la manjano, Vachellia xanthophloea, huota pale tu maji yalipo karibu, kama kwenye kingo za ziwa Naivasha na katika msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro, na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliuhusisha na homa kwa sababu walipokuwa wakipiga kambi chini yake walikuwa wakipiga kambi palipo na mbu.

Si kila mti wa miiba ni mgunga, na kosa la kawaida ni kuuingiza mjunju katika kundi hilo. Mjunju, Balanites aegyptiaca, ni wa familia moja na mbigili, ule mmea mtambaazi unaowaumiza watoto wanaotembea pekupeku, na mwiba wake ni wa ile aina ya kwanza, yaani tawi lililochongoka. Huota mmojammoja badala ya jozi, hunyooka kabisa, na huwa wa kijani kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ukibeba wakati mwingine jani au ua juu ya mwiba wenyewe, jambo ambalo mwiba wa mgunga haufanyi kamwe. Kila jani lina vijani viwili tu, vizito na vya rangi ya kijivu. Mti huu hustahimili mchanga, mfinyanzi na mawe, na hubaki na kijani wakati jirani zake wote wamepukutisha, kiasi kwamba mjunju ulio peke yake kwenye uwanda mkavu huwa ndio kivuli pekee cha mchana. Tunda lake linafanana na tende, lina nyama chungu tamu, na kokwa lake hutoa mafuta ya kupikia.

Mkunazi nao unaweza kumchanganya mtu aliyezoea Vachellia tortilis, kwa sababu vifundo vyake vingi vina mwiba mmoja ulionyooka na mwingine uliopinda, vikiwa pamoja. Hapa jani ndilo linaloamua, kwani jani la mkunazi ni moja, pana, lenye mishipa mitatu inayoanzia shinani, wala halijagawanyika kuwa vijani vidogo kama la mgunga. Katika pwani ya Waswahili majani yake hutumika kuoshea maiti, na katika Oman nasaba yake iitwayo sidr, Ziziphus spina-christi, hupandwa karibu na nyumba na kwenye mabonde, na asali inayotokana na maua yake ni miongoni mwa zile zinazothaminiwa sana sokoni pamoja na ile ya samr, ambao si mwingine ila Vachellia tortilis uleule wa Turkana na Serengeti.

Mti unaohitaji uangalifu kuliko yote ni mathenge, Prosopis juliflora, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na sehemu za Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Nchini Kenya ulipandwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, karibu na Mombasa, ili kufunika ardhi iliyochimbwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na kwingineko kama mti wa kuni na malisho usioogopa ukame. Haukuogopa ukame wala kitu kingine. Ulizifunga ardhi za malisho kuzunguka Marigat, ukaziba njia za mifugo kwenda kwenye maji, na maganda yake matamu yakawaozesha mbuzi meno. Katikati ya muongo wa 2000 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani mjini Nairobi kama kielelezo.

Ugumu wa kuutambua mapema unatokana na alama zake zilizochanganyika. Miiba yake imenyooka na huja jozi kwenye kifundo, kama ya Vachellia, lakini maua yake ni mashuke ya manjano hafifu, kama ya Senegalia, na maganda yake ni marefu, yaliyojaa nyama, ya rangi ya majani makavu. Mti wa asili wenye mchanganyiko unaokaribiana na huo ni mkababu, Faidherbia albida, ambao nao una miiba ya jozi iliyonyooka na maua ya shuke, na ambao huota kwenye mchanga wa kingo za mito kama Ruaha Mkuu. Miti hiyo miwili hutenganishwa na ganda na majira. Ganda la mkababu ni la rangi ya chungwa na limejikunja, na mti wenyewe huenda kinyume na wenzake, kwa kuwa huvaa majani kiangazi na kuyavua mvua zinapoanza, tabia inayoufanya upendwe na wakulima wa Sahel, ambao hulima mtama chini yake bila kunyimwa mwanga. Mathenge hubaki na majani mwaka mzima.

Katika nchi za Ghuba tatizo hilo lina sura nyingine, kwa sababu mathenge ulipandwa kandokando ya ghaf, Prosopis cineraria, mti wa asili wa mchanga wa Sharqiya nchini Oman ambao Falme za Kiarabu ziliutangaza kuwa mti wao wa taifa mwaka 2008. Kwa mbali miti hiyo miwili hufanana kiasi cha kuwapotosha hata wenyeji wa mijini. Kwa karibu, ghaf una vijiba vifupi vilivyotawanyika kwenye urefu wa tawi, kati ya kifundo na kifundo, ilhali miiba ya mathenge hukaa kwenye kifundo chenyewe. Mwaka 2022 wataalamu waliigawa jenasi hiyo, wakauacha ghaf na nasaba zake chache katika Prosopis na kuupeleka mathenge katika jenasi iitwayo Neltuma, hivyo majina yakakubaliana na kile ambacho tawi lilikuwa likionyesha.

Kwa mwenye shamba au msimamizi wa malisho, utambuzi huo una maana ukifanyika wakati mche bado ni wa urefu wa goti. Mche wa mathenge wa umri huo hung'olewa kwa mkono udongo ukiwa na unyevu. Ukishakomaa, kuukata juu ya ardhi hakuuui, kwa sababu macho yake ya kuchipua yapo kwenye shina hadi sentimita kadhaa chini ya uso wa udongo, na kisiki kilichoachwa hurudi na matawi mengi kuliko ya awali; kwa hiyo panga halitoshi, na hutakiwa jembe au sururu la kulikata shina chini ya macho hayo kabla ya kuni kupelekwa kwenye tanuri la mkaa.